Nafuu ya Anyesi Mdogo

Kila mwaka, siku Waziri wa Fedha anaposoma bajeti, ofisini kwetu kazi nyingine zote zinasimama. Bosi wangu, Ildefonce, anafunga mlango, anapandisha redio juu ya kabati, anakaa chini yake na penseli. Ukipiga chafya anakutazama kama umeua mtu. Viwango vya kodi ya mshahara vikitajwa anaviandika hapo hapo, na redio ikikwaruza kwenye tarakimu anaizaba kofi. Mimi nilikuwa nashika waya wa eriali dirishani. Mkono ukichoka, kodi ya watu wa Moshi inapotea hewani.

Ofisi ilikuwa karibu na stesheni ya reli. Tulikuwa tunashughulikia hesabu za waajiri wasio na mhasibu wao: mashamba ya kahawa, gereji, zahanati za misheni, kiwanda cha mbao. Kodi ya mfanyakazi inakatwa na karani wa mishahara kule kule kazini. Karani akikata vibaya, mwajiri anapigwa faini. Mwajiri akipigwa faini, anatafuta ofisi nyingine. Ndiyo maana baada ya bajeti Ildefonce alikuwa anawaita makarani wote mjini, anawaweka ukumbini kutwa nzima, anawaeleza kimebadilika nini.

Ildefonce anaijua sheria. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakisikia nilivyokuwa nabishana naye wanadhani alikuwa bure. Hapana. Ukimuuliza kifungu anakutajia na ukurasa. Tatizo lake, alikuwa anasoma. Anasimama mbele, anasoma kifungu kwa Kiingereza, anatafsiri, anasoma kingine. Na mwaka ule wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada, mambo yalikuwa mazito kweli, maana nafuu za kodi, yaani mapunguzo ya mwenye familia, zilikuwa zimepangwa upya: nafuu ya mwenye mke, nafuu ya watoto, na nani ana haki nazo. Jua lilipopinduka nikatazama ukumbini. Karani mmoja wa gereji amelala, mdomo wazi. Wengine wanatingisha vichwa vizuri tu, kama watu wanaosubiri matangazo ya kanisani yaishe.

Tuliporudi ofisini nikamwambia, "Bosi, hawajashika kitu."

"Wamesema wameelewa."

"Walikuwa wanawahi basi."

Akavua miwani. "Onesphory, shule wewe uliacha kidato cha ngapi?"

"Cha pili. Na sikufukuzwa. Nilichoka kukaa."

"Ulichoka kukaa, halafu unanifundisha mimi kufundisha."

"Mimi ndiye ninayewapelekea karatasi kwa pikipiki. Nakuambia nilichokiona. Kule Sanya Juu hakuna anayesoma karatasi zako. Wanasubiri Mzee Mathayo wa kiwanda cha mbao afanye, halafu wote wananakili."

"Basi kafundishe wewe."

Alidhani nitacheka. Nikamwambia sawa, lini.

Akarudisha miwani. "Mwezi wa nane Bi. Dominika anapanda Sanya Juu kukagua mishahara ya Julai." Bi. Dominika alikuwa mkaguzi wa ofisi ya kodi, mama mfupi mwenye sauti ya chini, na waajiri walikuwa wanamwogopa kuliko polisi. "Sanya Juu tuna makarani sita. Wote sita wakitoka safi, nakuandika msaidizi wa kodi. Unapata meza na mshahara wa kueleweka. Mmoja akiharibu, unaniachia funguo za pikipiki na kurudi kwenu Uru."

"Kufanya nini Uru?"

"Kahawa haijichumi."

Kwetu sikudharau. Baba ana kihamba kizuri, shamba la ukoo, migomba imesimama, kahawa inatunzwa. Lakini tuko wavulana wanne na kihamba ni kile kile, hakitanuki. Mimi ni wa tatu. Nikirudi, ningekuwa mtu mzima anayeomba mstari wa migomba kwa kaka yake. Ile kazi niliitaka, na sikuona haya kuitaka.

Nikamwambia Ildefonce anifundishe kwanza. Hapo alinishangaza. Jioni baada ya kazi alikuwa ananikalisha, ananipa mshahara wa uongo na mfanyakazi wa uongo, anasema kata. Nikikosea anasema tena. Hakuchoka hata siku moja. Ukimtoa mbele ya watu wengi, yule mzee ni mwalimu.

Sanya Juu walinipa darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi. Makarani walikuja wote sita. Mzee Mathayo alikaa dawati la mbele, na koti, na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa anakata mishahara ya kiwanda cha mbao tangu enzi za wazungu, na watu walikuwa wanamwita meku kwa heshima, yaani mzee wetu. Nyuma yake alikaa Kornelia wa zahanati, dada mmoja mwenye mdomo. Sirili wa shamba la ngano alikaa dirishani.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Mwalimu yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe si yule wa pikipiki?"

"Ndiye huyo huyo."

Kornelia akasema, "Mwacheni. Yule mwingine alinilaza mpaka shingo ikauma."

Sikusoma kifungu chochote. Niligawa fomu za nafuu, zile anazojaza mfanyakazi kutaja mke na watoto, nikawaambia kila mtu ajaze ya kwake mwenyewe, halafu tutakata kodi yake hapa hapa mbele ya wenzake. Ukikosea unajikata mwenyewe. Usingizi uliisha. Sirili alijikata akabaki na hela ya nauli tu, Kornelia akamwambia mkewe asisikie, tukarudia hesabu mpaka ikakaa sawa. Ilikuwa inakwenda vizuri mno. Nilikuwa nimeshaanza kujiona.

Zamu ya Mzee Mathayo ikafika. Akasoma kwa sauti: mke mmoja, watoto wanne. Akawataja. Wa mwisho, Anyesi, miaka minane.

"Miaka minane, meku?" Kornelia akauliza. "Hongera, hatukusikia."

Watu wakacheka. Mzee mwenyewe akatabasamu kidogo. "Ni mtoto wa nyumbani kwangu. Endelea, kijana."

Nikaendelea. Kodi ikatoka. Halafu nikataka mfano wa mfanyakazi wa kawaida, asiye karani, ili waone jinsi ya kumuuliza maswali. Nje alikuwepo Elisaria, dereva wa lori la mbao, mtoto mkubwa wa Mzee Mathayo, anamsubiri baba yake kivulini. Nikamwita.

"Kaka, una mke?"

"Ninaye. Kwani umemtaka?"

"Watoto?"

"Watatu. Anyesi, Tereza na Ndeshi."

Kornelia akainua kichwa. "Anyesi huyo ana miaka mingapi?"

"Minane."

Kornelia akasema polepole, "Huyo si ameshaandikwa?"

Kwa asiye wa huku nieleze. Mtoto wako wa kwanza wa kike unampa jina la mama yako, na akishakua kidogo anakwenda kukaa kwa bibi yake. Anachota maji, anakata majani ya ng'ombe, analala na bibi. Hakuna anayesema umemtoa mtoto. Ni wako na ni wa kule. Mzee Mathayo hakuiba kitu. Alijaza fomu yake akamtaja mtoto anayekula nyumbani kwake, akajaza na ya Elisaria, maana yeye ndiye karani, akamtaja mtoto aliyezaliwa na Elisaria. Fomu zote mbili kwa mkono wake, mchana kweupe, na hakuona kosa. Na mimi pia nisingeliona, maana dada yangu mwenyewe amelelewa hivyo hivyo.

"Mtoto haandikwi mara mbili," nikasema. "Nafuu moja, mtu mmoja."

"Sawa," Kornelia akasema. "Mimi zahanati nina wapishi wawili wameandika mpwa mmoja. Nimfute kwa nani?"

Nyuma kikasikika kifutio. "Sirili, unafuta nini?"

"Nanyoosha mwandiko."

Nikapita dawati hadi dawati. Hakuna aliyekuwa safi. Mmoja ana mtoto wa kaka, mwingine ana mjukuu. Wote walikuwa wamejifunza kwa mzee, miaka na miaka, na hakuna aliyewauliza.

"Basi amua," Mzee Mathayo akaniambia. "Mtoto ni wa nani?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui, nitauliza. Mimi nikasema, "Wa Elisaria. Ndiye aliyemzaa."

Mzee akachomeka kalamu mfukoni, moja, na nyingine. "Kijana, mimi nilianza kukata mishahara ya watu wewe hujatahiriwa. Sijawahi kuambiwa na mtu, tena Muuru, mbele ya makarani wangu, kwamba mtoto wa nyumbani kwangu si wangu. Kodi ni ya serikali. Mtoto si wa serikali."

Akatoka. Mmoja baada ya mwingine wakatoka. Kornelia alibaki kidogo, akakunja fomu zake. "Ulikuwa unafundisha vizuri," akasema. "Lakini bila yeye, Julai tutakata kama mwaka jana. Hujui?"

Nilijua.

Elisaria alinikuta nje nawasha pikipiki. "Yaishe, bwana. Mimi namfuta kwangu. Andika kwa mzee."

Ningeweza kukubali. Karatasi ingekuwa safi. Lakini Bi. Dominika haangalii karatasi tu. Anamwita mfanyakazi mmoja mmoja anamuuliza, mtoto huyu sare kanunua nani, anakula kwa nani. Na nikimfuta kwa huyu kwa sababu tu amechoka ugomvi, wale wengine watano nitawaambia wafute kwa nani? Kwa anayechoka haraka?

Nikashuka Moshi nikamwambia Ildefonce kila kitu, na lile jibu langu nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umekosea, lakini si kwa namna unayodhani. Sheria haiulizi amezaliwa na nani. Haiulizi analala wapi. Inauliza anatunzwa na nani, kwa mapato ya nani. Huyo mmoja ndiye mwenye nafuu."

"Sasa ni nani?"

"Mimi nitajuaje? Miaka yote ile ukumbini hakuna aliyeniuliza." Akaikunja miwani akaifungua. Niliona limemgusa. "Nenda kamuulize. Na usimuulize kama unavyoniuliza mimi."

"Nikamuulizeje?"

"Taratibu, bwana. Kaa kwanza. Kunywa utakachopewa."

Jumapili baada ya ibada nikapanda nyumbani kwa Mzee Mathayo. Nyumba ya bati, migomba mpaka mlangoni, ng'ombe wawili bandani. Nilitoa shikamoo yangu, nikapokelewa kwa marahaba baridi, nikakaa. Mkewe akaleta mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikanywa. Tukaongelea mvua. Nikanywa tena. Kukaa kimya vile ni kazi ngumu kuliko kubeba mbao, lakini nilikaa.

Mwisho mzee mwenyewe akasema, "Sema kilichokuleta, utapasuka."

"Mzee, siku ile nilijibu haraka. Aliyezaa siye anayetafutwa. Sheria inamtafuta anayemtunza."

"Si nilikuambia? Anakaa kwangu."

"Kukaa tu hakutoshi. Nataka kujua anayemlisha na kumvisha. Sare yake ilinunuliwa na nani?"

"Mimi."

Jikoni mtu akacheka. Mkewe, Mama Elisaria, Anyesi mkubwa, akatokea mlangoni anafuta mikono kwenye kanga. "Wewe?"

"Mama Elisaria, tunaongea mambo ya kazi."

"Nasikia. Naona kazi yenyewe inaongea habari za jiko langu." Akanigeukia mimi. "Sare nimenunua mimi. Kwa ndizi. Nilibeba mikungu mpaka soko la Kwa Sadala, na kitambaa nikanunua hapo hapo. Madaftari ni ya hela ya maziwa. Mafuta na sabuni, maziwa tena. Nyama, siku anayoiona, ni hela ya ndizi."

"Na mzee?"

"Mzee ana kahawa. Na mshahara."

Hakuhitaji kueleza zaidi, mimi ni mtoto wa huku. Kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Fedha ya kahawa inajenga nyumba, inalipa mahari ya vijana, inanunua bati. Mtoto anayekaa kwa bibi anakula upande wa bibi. Ndivyo ilivyo kwa kila mtu, hata kwetu, na hakuna mwanamume anayeitwa mbaya kwa hilo. Hakuna anayelifikiria kabisa.

"Na Elisaria huwa analeta chochote?" nikauliza.

"Krismasi. Huwa analeta gauni. Fupi, kila mwaka anasahau mtoto anakua."

Nikaona mzee ananitazama. Alikuwa karani zaidi ya miaka ishirini, aliona hesabu inakoelekea kabla sijaifikisha. Ningeweza kunyamaza hapo. Nikasema.

"Basi, mzee, nafuu si ya Elisaria. Na si yako."

"Ni ya nani?"

"Ya bibi."

"Yeye hana mshahara."

"Ndiyo. Kwa hiyo haiendi kwa mtu."

Akaweka kata ya mbege chini. "Umekuja nyumbani kwangu siku ya Mungu, ukanywa pombe yangu, uniambie sina mjukuu."

"Mjukuu unaye. Nafuu ndiyo huna."

Mkewe akavuta kigoda akakaa. "Kwani mimi siwezi kuandikwa? Kama ni yangu niandikeni."

"Bibi, inaandikwa kwa mtu anayekatwa kodi ya mapato."

"Na kwa nini sikatwi? Nauza kila siku ya soko."

"Bibi," nikamwambia, "hilo usiliseme kwa sauti."

Alicheka mpaka akashika goti. Mzee hakucheka. Lakini hakunifukuza pia. Alikaa anazungusha ile kata kwa kidole, kisha akasema, kama anaongea na migomba, "Fomu nilijaza mwenyewe. Zote mbili."

"Najua."

"Na wengine wananakili kwangu."

"Hilo ndilo lililonileta. Wewe ukifuta, wengine wote watano watakwenda kuuliza jikoni kwao. Usipofuta, Bi. Dominika atawauliza yeye, tena dirishani, mbele ya foleni. Na mimi nitarudi Uru."

"Kumbe unaogopa kurudi Uru."

"Ndiyo. Siogopi kusema."

"Angalau hujaniambia umekuja kwa ajili yangu," akasema mzee. Akanyanyuka akaenda kutazama ng'ombe.

Mkewe akamfuata kwa macho. "Mathayo," akaita. "Ukilitaka jina lake kwenye karatasi yako, mnunulie viatu. Mnunulie na chumvi. Anza hata kesho, mimi sikatazi." Akaniambia mimi, "Nenda, mwanangu. Akianza kusugua ng'ombe haongei tena."

Nikashuka mlimani bila jibu.

Siku ya mshahara wa Julai nilipanda mapema. Kabla hata sijafika kiwandani nikasikia kelele. Foleni ilikuwa imevunjika, watu wamejazana dirisha la karani, mmoja ananyanyua bahasha. "Mwezi jana nilipata zaidi ya hii. Nani ameikata?"

Mwingine akaniona. "Ni huyu. Yule Muuru wa pikipiki. Amekuja kufuta watoto wa watu."

Nikaegesha. Sikukimbia, nilijua nikikimbia nitakimbia mpaka Boma la Ng'ombe. Nikasogea mpaka mlangoni, ndipo nikaiona. Fomu ya Mzee Mathayo, ya kwake mwenyewe, imegongomewa misumari kwenye mlango wa ofisi. Watoto watatu. Jina la nne limepigwa mstari wa rula, na pembeni sahihi yake na tarehe.

Mzee alikuwa amekaa dirishani na koti lake. Hakupaza sauti. Aliongea Kimachame, lugha ya kwao, haraka, mimi naambulia nusu. Alimwambia yule mwenye bahasha, "Mtoto uliyemwandika yuko kwa mama yako. Mama yako anamlisha nini?"

"Ndizi."

"Ndizi za nani?"

Yule bwana akaikunja bahasha.

"Umempelekea nini mwezi huu? Sukari? Sabuni?" Akasubiri. "Mimi pia sikupeleka. Soma mlangoni. Ukitaka nafuu ya mwezi ujao, nenda duka lile pale, halafu uje na risiti nikuandike. Anayefuata."

Walinung'unika, lakini walisimama kwenye mstari. Wengine wawili walitoka dirishani wakaenda moja kwa moja dukani, nikawaona wanarudi na sabuni za mche kwapani kama waliozikamata zinatoroka. Nilikaa mlangoni pale mpaka bahasha ya mwisho. Nikaulizwa maswali ya viwango nikayajibu, na mzee hakunikatiza hata mara moja. Elisaria alipochukua bahasha yake aliifungua, akatazama, akaniambia, "Mmeniua wote wawili." Lakini aliitia mfukoni.

Nikazunguka na pikipiki zahanati, shamba la ngano, na kwingine kote. Kornelia alikuwa amewaita wale wapishi wawili wakabishana mbele yake mpaka ikajulikana mpwa analishwa na mama yake mzazi, aliye mwalimu Kibosho na anayekatwa kodi huko huko. "Nimewafuta wote," akasema. "Leo wamenipikia ugali mbichi."

Bi. Dominika alikuja mwezi wa nane na begi la ngozi. Ildefonce alikuja naye, nadhani alitaka kuona nikianguka au nikisimama, sikumuuliza. Mkaguzi alianza na shamba la ngano, akamaliza na kiwanda cha mbao. Alisoma kila karatasi. Alimwita dereva, alimwita mpasua mbao, akawauliza kwa ile sauti yake ya chini. Mimi jasho lilikuwa linanitoka na baridi ya Sanya Juu yote ile.

Mwisho akafika kwenye fomu ya Mzee Mathayo, yenye matundu ya misumari.

"Hapa umemfuta mjukuu. Unaye kweli?"

"Ninaye. Anakaa kwangu."

"Anatunzwa na nani?"

"Na bibi yake," mzee akasema. "Hata mimi natunzwa na huyo huyo."

Bi. Dominika alimtazama, halafu akafanya kitu ambacho Ildefonce alisema hajawahi kukiona. Alicheka. Akatia sahihi, akaenda karatasi nyingine, akatia na hiyo. Alipofunga begi akamwambia Ildefonce, "Huko kwingine kote nakuta watoto wana baba watatu watatu. Hawa umewafundisha ukumbini kwako?"

Ildefonce angeweza kusema ndiyo. Akanionyesha kwa kidole. "Amewafundisha huyu. Aligombana nao kwanza."

Mzee Mathayo aliniita pembeni tulipokuwa tunaondoka. Nilidhani atanisema. Aliniuliza kama viatu vya mtoto vya Bata vinahesabiwa, au lazima na mambo mengine.

"Na mambo mengine, mzee. Sio mara moja kwa mwaka."

"Gharama," akasema.

"Ndiyo. Mama Elisaria anazijua zote."

Akaguna akarudi dirishani kwake.

Njiani Ildefonce alipanda nyuma yangu kwenye pikipiki, maana gari la Bi. Dominika lilikuwa linakwenda Arusha. Alinishika mabega kama mtu anayepanda punda. Tulipoikuta lami akajisogeza mbele.

"Kazi umepata," akaniambia sikioni. "Jumatatu uje na shati la mikono mirefu."

"Asante, bosi."

"Usishukuru bado. Mwezi ujao unakwenda Kwa Sadala. Kuna makarani wengi kuliko huku, na mmoja ana wake wawili."

"Nafuu ya mke ni moja."

"Ndiyo. Na wake zake wote wawili watakuwepo."

Nikaongeza mwendo. Akaniambia nipunguze, nikapunguza kidogo.